PIN Yako Ni Sahihi Yako: Sheria ya Kenya Inasemaje Kuhusu Makubaliano ya Simu?

“Kwani tuliandikiana?” Swali hili limewafanya watu wengi kupoteza pesa zao. Umemuuzia mtu bidhaa, mkaelewana kwa meseji, akatuma sehemu ya malipo kwa simu, halafu salio likawa stori. Ukimdai, anakuuliza karatasi iko wapi. Nawe kwa kuwa hamkukutana wala kutia sahihi popote, unaamua kumwachia Mungu.

Subiri kidogo. Kwa sheria ya Kenya, mara nyingi jibu la swali hilo ni: ndiyo, tuliandikiana. Tuliandikiana kwa simu. Na hilo lina pande mbili. Meseji na malipo ya simu yanaweza kukusaidia kudai haki yako, lakini pia yanaweza kukufunga wewe mwenyewe pale unapobonyeza “Kubali” bila kusoma.

Katika makala haya tunaeleza kwa lugha rahisi ni makubaliano gani ya simu yanayotambuliwa, ni yapi yanahitaji zaidi ya simu, na unachopaswa kuweka ili siku ya siku usibaki mikono mitupu.

Mkataba si karatasi

Watu wengi wakisikia “mkataba” huona karatasi yenye muhuri. Karatasi ni ushahidi tu. Mkataba wenyewe ni yale makubaliano. Ili yawe na nguvu kisheria, kwa kawaida mambo haya lazima yawepo:

- Mmoja ametoa pendekezo: “Nakuuzia hiki kwa bei hii.”
- Mwingine amekubali pendekezo hilo kama lilivyo.
- Kila upande unatoa kitu: mmoja mali au kazi, mwingine pesa au ahadi ya kulipa.
- Wote wawili wana nia ya kufungwa na makubaliano, si mzaha.
- Wote wana uwezo kisheria wa kufanya makubaliano. Utu uzima nchini Kenya huanza miaka 18.

Hakuna mahali hapo palipoandikwa karatasi. Ndiyo maana unaponunua sukari dukani mnafunga mkataba bila hata kalamu. Ziko aina chache za mikataba ambazo sheria inataka ziandikwe na kutiwa sahihi, na tutazifikia hapo chini.

Tuangalie mfano

Tuseme mkulima wa viazi kule Nyandarua anawasiliana kwa WhatsApp na mama anayeuza viazi sokoni Nairobi.

Mama: “Habari ya leo baba. Nina shida ya viazi. Unaweza nipatia gunia 40 za kilo 50?”

Mkulima: “Salama mama. Ziko. Gunia ni 2,500, nalipia gari mimi. Nikuletee Jumatano?”

Mama: “Sawa, leta. Nakutumia 30,000 sasa, zingine ukishusha.”

Dakika chache baadaye mkulima anapata ujumbe wa malipo: shilingi 30,000, jina la mama, tarehe na saa. Jumatano mzigo unashushwa. Salio ni shilingi 70,000. Mama anasema biashara imekuwa mbaya, ampe wiki moja. Baada ya wiki moja simu haishikwi. Mwezi ukiisha anajibu: “Kwani tuliandikiana?”

Hebu tupange. Pendekezo lipo: gunia 40 kwa bei ya 2,500. Kukubali kupo: “Sawa, leta.” Kila upande umetoa kitu: mmoja viazi, mwingine malipo ya kwanza. Nia ipo, kwa sababu mtu hatumi shilingi 30,000 kwa mzaha. Mkataba upo.

Sheria inayosimamia jambo hili

Sheria ya kwanza kuijua ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, Sura 411A. Ilitungwa mwaka 1998, na mwaka 2009 Bunge likaiongezea sehemu nzima kuhusu shughuli za kielektroniki. Kifungu cha 83G kinazitambua kisheria rekodi zilizo katika mfumo wa kielektroniki. Kifungu cha 83J nacho kinasema pendekezo na kukubali vinaweza kutolewa kwa ujumbe wa kielektroniki, na kwamba mkataba hauwezi kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake.

Neno “peke yake” ni muhimu. Sheria haisemi kila meseji ni mkataba. Inasema tu kwamba mtu hawezi kuja mahakamani na hoja moja, kwamba “ilikuwa ni meseji tu.” Bado anaweza kuleta hoja nyingine: kwamba si yeye aliyeandika, kwamba bei haikuelewana, au kwamba alidanganywa.

Kitu kingine: kifungu hicho hutumika isipokuwa kama nyinyi wenyewe mmekubaliana vinginevyo. Kama mlisema wazi kwamba hakuna dili mpaka mkutane na kutia sahihi karatasi, basi meseji zenu ni mazungumzo tu.

Halafu mwezi Machi 2020 ilipitishwa sheria ya kurekebisha sheria za biashara. Hiyo ilibadilisha sheria kadhaa kwa mpigo, ikiwemo Sheria ya Mikataba, Sura 23, ili neno “kutia sahihi” lijumuishe pia sahihi ya kielektroniki ya kiwango cha juu. Hii ya kiwango cha juu ni ipi?

Sahihi za kielektroniki si za aina moja

*Sahihi ya kawaida.* Hapa tunaweka jina uliloandika mwisho wa barua pepe, kisanduku cha “Nakubali masharti” ulichokibonyeza, picha ya sahihi yako ya mkono iliyobandikwa kwenye waraka, na PIN unayoweka kuthibitisha muamala. Kwa makubaliano mengi ya kila siku hii inatosha, maana sheria haikudai sahihi tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni dalili kwamba ulikubali.

*Sahihi ya kiwango cha juu.* Hii ndiyo inayohitajika pale ambapo sheria yenyewe inadai sahihi. Lazima iwe imeunganishwa na mwenyewe na si mtu mwingine, iweze kumtambulisha, itengenezwe kwa njia ambayo yeye peke yake anaidhibiti, na iwe kwamba waraka ukibadilishwa hata herufi moja baada ya kutiwa sahihi, itajulikana. Kwa kawaida hutolewa pamoja na cheti cha kidijitali. Watoaji wa vyeti hivyo hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kwa hivyo ile picha ya sahihi uliyopiga na kubandika kwenye waraka, hata ikipendeza namna gani, si sahihi ya kiwango cha juu. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuinakili.

Mahali ambapo meseji na PIN hazitoshi

Hapa ndipo watu huumia, kwa hivyo soma polepole.

*1. Kununua shamba au ploti.* Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe umeandikwa, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo wakati inatiwa. Muuzaji akikwambia kwa WhatsApp, “Tuma pesa ya kushikilia ploti, mambo ya karatasi baadaye,” ujue kwamba ujumbe wa malipo utaonyesha ulilipa, lakini hautakupa ploti. Kudai pesa zako zirudi ni kesi moja, kudai shamba ni kesi nyingine kabisa. Karatasi kwanza, pesa baadaye.

*2. Kumdhamini mtu.* Ukiahidi kulipa deni la mtu mwingine akishindwa, kifungu hicho hicho kinataka ahadi hiyo iwe kwa maandishi na iwe na sahihi yako. Kama wewe ndiye unayekopesha, kwa mfano kwenye chama, usitegemee meseji ya “Msijali, asipolipa nitalipa mimi.” Iko hatarini kukataliwa. Mlete mdhamini atie sahihi. Na kama wewe ndiye unayeombwa kudhamini, usiweke sahihi ya aina yoyote kwa kuona haya.

*3. Wosia.* Sehemu ya shughuli za kielektroniki katika Sura 411A haigusi wosia. Meseji ya “Nikifa, pesa zangu za simu apewe dada yangu” si wosia ulioandikwa. Sheria ya Urithi, Sura 160, inataka wosia ulioandikwa utiwe sahihi na ushuhudiwe na angalau watu wawili.

*4. Hundi na hati nyingine za malipo zinazohamishika.* Hizi pia zimeachwa nje ya sehemu hiyo ya sheria.

Mkitofautiana, mahakama itataka nini?

Turudi kwa mkulima wetu na shilingi zake 70,000. Mkataba anao. Sasa ni ushahidi.

Sheria ya Ushahidi, Sura 80, katika kifungu cha 78A inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Lakini kukubaliwa si sawa na kuaminiwa. Mahakama itapima uzito wake kwa kuangalia maswali kama haya: Ujumbe ulitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika? Umebaki jinsi ulivyokuwa? Aliyeutuma alitambulikaje?

Ukiprinti meseji ili kuzipeleka mahakamani, kifungu cha 106B kinataka uambatanishe cheti, yaani taarifa iliyotiwa sahihi inayoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Karani wa mahakama au wakili anaweza kukuonyesha jinsi kinavyoandikwa. Watu wengi huja na bunda la picha za skrini bila cheti hiki, kisha wanashangaa upande wa pili ukipinga.

Tena, usitegemee picha ya skrini pekee. Picha inaweza kuhaririwa, na kila mtu anajua. Weka simu yenye mazungumzo yenyewe, na uombe taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni inayokutolea huduma. Meseji zikisema “natuma 30,000” na taarifa ya miamala ionyeshe 30,000 kutoka namba ile ile, siku ile ile, ni vigumu kwa mtu kusema hakuwa yeye.

Je, kesi ya shilingi 70,000 inafaa kupelekwa mahakamani? Ndiyo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2016, inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo ya kuuziana bidhaa na huduma. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Haifungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe.

Kuhusu muda: kwa kawaida una miaka 6 kudai haki inayotokana na mkataba. Sasa jiulize, simu yako ya miaka 6 iliyopita iko wapi? Ndiyo maana tunasisitiza kuhifadhi nakala.

PIN yako inakusemea

Kifungu cha 83L cha Sura 411A kinaeleza ni lini ujumbe unahesabiwa kuwa wa mtu fulani: ameutuma mwenyewe, au umetumwa na mtu aliyempa mamlaka, au na mfumo uliopangwa naye au kwa niaba yake ufanye hivyo.

Angalia hiyo ya pili. Ukimpa kijana wako simu na PIN akulipie bili, halafu akachukua na mkopo juu, itakubidi ueleze kwamba hukumruhusu kuchukua mkopo. Mfumo uliona namba yako na PIN yako. Kila aliyepewa PIN amepewa kalamu yako na karatasi tupu iliyotiwa sahihi.

Lakini kama mtu ameiba PIN yako au ameitumia kwa ulaghai, sheria iko upande wako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 29, inataja kosa la kutumia kwa ulaghai sahihi ya kielektroniki, neno la siri au kitambulisho kingine cha kipekee cha mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ona jinsi sheria ilivyoviweka sahihi na neno la siri katika sentensi moja.

Ikikutokea, fanya haya siku hiyo hiyo: badilisha PIN, piga simu kwa huduma kwa wateja, ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Kukaa kimya wiki tatu kunafanya ionekane kama ulikuwa umekubali.

Na mikopo ya simu je?

Mkopo unaochukua kwa kubonyeza na kuweka PIN ni mkataba kama mingine. Huwezi kuuepuka kwa kusema hukutia sahihi. Lakini mkopeshaji naye amefungwa. Tangu kanuni za 2022, wakopeshaji wa kidijitali lazima wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo huchapisha orodha ya walio na leseni. Kanuni hizo zinawakataza kuingia kwenye orodha ya namba zako na kuwatumia watu wako meseji eti kwa sababu umechelewa kulipa.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza “Kubali”, tafuta mambo manne: unapokea shilingi ngapi mkononi, unarudisha ngapi kwa jumla, lini, na ukichelewa itakuwaje. Kama hayo manne huyaoni, usiweke PIN.

Meseji moja inayoweza kukuokoa

Mazungumzo ya kawaida huwa yametawanyika: bei iko kwenye sauti iliyorekodiwa, idadi iko kwenye simu mliyopigiana, tarehe hamkutaja. Mkishaelewana, andika ujumbe mmoja wa kufunga. Kwa mfano:

“Mimi (jina kamili, namba ya kitambulisho) nimekubali kumuuzia (jina kamili) gunia 40 za viazi za kilo 50, kwa shilingi 2,500 kila moja, jumla 100,000. Amelipa 30,000 leo. Salio 70,000 atalipa siku ya kupokea mzigo, Jumatano tarehe (…). Tafadhali jibu NIMEKUBALI na jina lako kamili.”

Ni dakika mbili tu. Mtu mwenye nia njema hatakasirika. Anayekataa kuujibu amekuonyesha jambo mapema, kabla gari halijapakiwa.

Na baada ya hapo:

- Lipa na upokee kupitia namba iliyosajiliwa kwa jina la mhusika mwenyewe. Jina likitofautiana, uliza kwa maandishi ni nani, na ungoje jibu kabla ya kutuma.
- Usifute ujumbe wa malipo. Namba ya muamala ndiyo njia ya haraka zaidi ya sisi kukutafutia rekodi.
- Hamisha mazungumzo muhimu kwenda kwenye barua pepe yako, ili simu ikipotea yasipotee nayo.
- Mkibadilisha bei au tarehe, badilisheni kwa meseji. Mabadiliko ya mdomo ndiyo huleta ugomvi.
- Mzigo ukifika, omba aliyeupokea aandike “Nimepokea gunia 40, ziko sawa.” Hilo huziba mdomo wa atakayesema baadaye zilikuwa 35.
- Kwa ardhi, udhamini na wosia, achana na meseji. Muone wakili.

Makala haya ni ya kukuelimisha, si ushauri wa kisheria kwa kesi yako. Kama kuna pesa nyingi au kesi tayari, ongea na wakili. Ukitaka taarifa ya miamala yako au una shaka na muamala wowote, wasiliana na huduma kwa wateja wetu. Na kumbuka: hatutakuuliza PIN yako hata siku moja, kwa sababu hakuna anayepaswa kutia sahihi kwa niaba yako bila wewe kujua.